Watoto wa Chumba cha Nyuma

9 Februari

Shangazi yangu,

Huo mstari uliopinda hapo juu kama njia ya siafu si mimi, ni Chiriku. Sasa hivi tu nilikuwa nimempakata, nimeshika kalamu nawaza nianzie wapi, akaunyoosha ule mkono wake wa kushoto uliokunja ngumi tangu azaliwe. Akaifungua ngumi mwenyewe, akaikamata kalamu na kuivuta. Halafu akacheka mpaka mate yakadondoka kwenye karatasi. Nimeacha vyote viwili, mstari na doa, uvione.

Shikamoo Shangazi. Sisi hatujambo. Baba goti linamsumbua ila mdomo haumsumbui, anasema miguu mizuri ya ukoo uliichukua yote wewe dada yake. Baba Chiriku bado anatengeneza baiskeli pale pale. Amemuundia mwanawe kiti cha kusimamia kwa mabomba ya baiskeli chakavu, na Sista alivyokisifu, basi fundi wangu siku mbili alikuwa hashikiki kwa maringo.

Uliniambia nisikupigie tena simu kwa sababu nikipiga nalia na wewe huambulii neno, eti niandike. Haya naandika, na shule yangu unaijua ilikoishia, usinicheke.

Jambo lenyewe ni kituo. Si unakijua, ile nyumba ya vyumba viwili na jiko nyuma ya duka la vioo. Chumba cha mbele Mwalimu anawafundisha watoto wanaoweza kukaa. Chumba cha nyuma wako kwenye mikeka wale wasioweza bado, na Chiriku wangu yumo, Sista Mazoezi anawanyoosha viungo mmoja mmoja. Katikati ni jiko, ufalme wangu. Serikali ndiyo inayomlipa Sista na Mwalimu na pango. Sasa juzi imekuja bahasha ya kahawia. Waraka mpya unasema kituo chenye watoto chini ya ishirini hakipewi ruzuku tena, watoto wahamishiwe kituo kikubwa cha mjini, ambako kwa basi ni nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Na mkaguzi aliyekuja Januari ameandika kwamba sisi tuna watoto kumi na wawili.

Shangazi, tuna thelathini na mmoja. Nawapikia mimi, nitakosaje kujua?

Sista anasema mtoto asiponyooshwa wiki chache tu misuli inakaza upya, kila tulichopata kinarudi nyuma. Kila nikiutazama huo mstari hapo juu naogopa. Hatujui mkaguzi aliitoa wapi hesabu yake. Tusaidie, kazi yako ndiyo hii.

Mwanao, Mama Chiriku

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mstari wa Chiriku nimeuweka ninapouona nikinyanyua macho. Mwambie kaka yangu kwamba miguu tulirithi wote, yeye akaongezewa uvivu wa kuitumia. Barua zijazo zitume kwa anwani niliyoandika nyuma ya bahasha, ya nyumbani. Ile ya ofisini inachelewesha.

Sasa nisikilize, na usilie. Si ninyi peke yenu, waraka huo umeyakatia ruzuku mashirika madogo ya kila aina. Tangu waraka utoke napokea watu kila asubuhi, wa nyumba ya wazee, wa maktaba ya wasioona, wa kina mama waliokimbia vipigo. Kila mmoja ameshika bahasha yake ya kahawia kama mtu aliyetoka kuchukua majibu hospitali. Muungano wetu uliundwa kwa hilo, kuyasaidia mashirika madogo kuongea na serikali kwa maneno ambayo serikali inayasikia.

Rufaa inapokelewa hadi mwisho wa Mei, kwa hiyo muda mnao, ila si wa kuchezea. Kaombeni nakala ya ripoti ya mkaguzi, ni haki yenu, wakiwazungusha kaeni pale pale kwenye benchi mpaka wachoke kuwatazama. Mwandikeni kila mtoto, na mzazi wake atie sahihi au dole gumba. Na jambo kubwa kuliko yote, msifunge mlango. Kituo kikishafungwa, rufaa yake ni ya marehemu.

Swali moja nataka unijibu wewe mwenyewe, si Mwenyekiti wenu. Siku ile ya ukaguzi, watoto wangapi walikuwa ndani ya nyumba?

Mbusu Chiriku kwenye ile ngumi.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Chiriku anakoga kwenye beseni nikiandika, anapiga maji kwa mkono wa kulia, karatasi ikilowa ni yeye. Baba goti limepungua. Baba Chiriku ameunda viti vingine viwili, mabomba yamemwishia, sasa anazitazama baiskeli za wateja kwa jicho ambalo silipendi.

Mlango hatujafunga! Ruzuku imekatika kweli, Sista imebidi atafute kibarua kwenye zahanati moja ya watu binafsi, kwetu anakuja siku mbili tu kwa wiki. Mwalimu amekataa kuondoka. Tulipomuuliza atakula nini akasema, "Si mpishi yupo?" Nikacheka, halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo. Mwenye nyumba ametuvumilia kwa sharti tumfagilie na mbele ya duka la vioo.

Na siku ambazo Sista hayupo tunanyoosha sisi wenyewe. Alitufundisha wiki nzima, akachora kila zoezi ukutani kwa mkaa. Ila ameweka sheria moja: mama hamnyooshi mwanawe. Mtoto akilia kidogo mama anaachia kabla misuli haijalegea, basi inakuwa kazi bure. Kwa hiyo tunabadilishana. Mimi namnyoosha mjukuu wa Bibi Redio (tunamwita hivyo kwa sababu hazimwi), na Bibi Redio anamnyoosha Chiriku. Ajabu ni kwamba mtoto wa mwenzako ukimshika mguu kila siku unaanza kuota unamwona anatembea.

Ripoti tumeipata, benchi lilisaidia. Nakunakilia:

(a) Watoto waliokutwa ni kumi na wawili, wote wachangamfu na wanakaa bila kusaidiwa.

(c) Kwa idadi hiyo, kituo hakijafikia kiwango cha waraka.

Mwenyekiti amewaka. Unamkumbuka, mama wa mtoto wa kwanza kabisa wa kituo, mwenye sauti kama kengele ya shule. Anasema rufaa itaandika wazi kwamba mkaguzi ni mwongo, alisikiliza nyimbo za chumba cha mbele tu, cha nyuma hakukanyaga, fomu akaijaza garini. Siku ile yeye na Sista walikwenda kumpokea stendi, kumbe mgeni amekuja na gari la ofisi kwa njia nyingine, wakapishana. Waliporudi gari lilikuwa linaondoka. Mwalimu naye alimwona akipita jikoni tu, kwa hiyo wanaamini cha nyuma hakufika.

Swali lako nitalijibu, leo moto unanizimikia.

Mama Chiriku

6 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, mvua ipo, mafua yapo. Mpango wenu wa kubadilishana watoto nimewasomea watu wawili hapa na wote wawili wameomba karatasi waandike. Umeona? Usijidharau tena kwa habari ya shule.

Ila sasa. Umenitumia (a), umenitumia (c). Mimi nilifundishwa kwamba katikati pana (b). Barua yako ina kurasa nne, umenieleza mpaka macho ya mumeo yanavyotazama baiskeli za watu, na (b) haimo wala jibu la swali langu halimo.

Nimesoma rufaa nyingi kuliko shanga ulizowahi kutunga. Ikisema mkaguzi mwongo, na mkaguzi hakusema uongo, hakuna mtu atakayefungua tena faili lenu. Mzuieni Mwenyekiti kwanza.

Sikukaripii. Nakusubiri.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Nimeiandika barua hii mara tatu na mara mbili nimeitia jikoni, kwenye moto. Hii ya tatu nitaipeleka posta kabla sijaisoma.

Namba (b) inasema: "Mtumishi wa kituo alipoulizwa, alithibitisha kuwa watoto ni hao tu."

Wenzangu wanadhani mtumishi huyo mkaguzi amemtunga. Mtumishi ni mimi.

Ilikuwa hivi. Tuliambiwa mgeni atafika saa nne. Saa tatu nachungulia dirishani naona gari la serikali linageuka pale kwenye duka la vioo. Sista hayupo, Mwenyekiti hayupo. Mwalimu yuko chumba cha mbele na watoto wake kumi na wawili wamevaa vizuri, wanaimba. Nikaingia chumba cha nyuma. Asubuhi ile ilikuwa mbaya, Shangazi. Mmoja ametapika, wawili wamejichafua, mjukuu wa Bibi Redio alikuwa kwenye kifafa chake kidogo, kelele, harufu, mate kila mahali. Nikajiambia, mgeni akiona haya atasema hawa watu miaka yote wamefanya nini? Atasema pesa ya serikali imepotea. Mgeni akija si unamwonyesha sebule, unamwonyesha uvungu?

Mama Pacha alikuwa zamu pamoja nami. Nikamwambia twende nao kwa jirani yetu fundi cherehani, tupite mlango wa uani, dakika tano tu. Alisita. Mimi ndiye niliyemsukuma. Tukawabeba, wawili wawili, tukawalaza kwenye vitambaa vya fundi. Kumi na tisa. Wa kwanza kumtoa alikuwa Chiriku.

Nikarudi, nikafungua madirisha, nikamwaga maji yenye sabuni. Mgeni akaingia, mtu mpole, akavua viatu mlangoni. Watoto wakamwimbia. Akaja hadi chumba cha nyuma akaona mikeka mitupu imekunjwa. Akaniuliza, "Ni hawa wa mbele tu, mama?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, ni hao tu." Akasema, "Mmefanya kazi nzuri. Hawa hawana shida kubwa." Nami nikafurahi! Nilifurahi, Shangazi, nikadhani tumefaulu mtihani.

Waraka hatukuujua bado. Lakini si waraka unaoniuma. Sababu niliyokueleza hapo juu ni ya kweli, ila si yote. Nilipomfunika Chiriku kanga usoni wakati wa kuvuka uani, hapakuwa na jua. Nilimwonea haya. Mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Ananiamini mpaka basi, alidhani tunacheza, alikuwa anacheka ndani ya kanga.

Sasa wote wanamlaani yule mzee na mimi nawapakulia chakula nimenyamaza. Nikisema watanifukuza, na Chiriku atakosa pa kwenda. Nisiposema, rufaa itaanguka na atakosa vile vile yeye na wenzake thelathini. Ngumi yake imeanza kujikunja tena, vidole viwili.

Niambie nifanye nini.

29 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika leo asubuhi na najibu leo leo, kwa hiyo salamu za ukoo mzima zichukulie zimo.

Kwanza, hukufanya jambo geni. Unajua nani aliyewafundisha kuficha? Sisi. Miaka kumi na tisa nimezunguka kwenye vituo kama chenu na kijitabu mkononi, nacho kinasema, ukurasa wa tatu, "Mgeni aone mafanikio." Nilikiandika mimi. Picha za watoto wanaocheka mbele, hesabu zinazopanda. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosema mgeni aonyeshwe mtoto aliyejichafua asubuhi hiyo, maana mtoto huyo ndiye sababu kituo kipo. Wewe ulitii tu kwa bidii iliyopitiliza. Kwa hiyo aibu hiyo tuigawane, usiibebe yote peke yako, mgongo wako tayari una mtoto.

Kuhusu kanga. Siku ulipozaliwa na alama yako nyekundu shavuni, mama yako alikufunika kitambaa wiki tatu. Aliyekufunua nilikuwa mimi, na nilimsema sana. Baadaye nilipozaa wangu nikajua yale hayakuwa mapenzi madogo. Ni mapenzi yaliyoogopa watu. Yanapona.

Pili, nami nina (b) yangu. Ofisi ya muungano imefungwa tangu Januari. Waraka ule ule umetupitia na sisi. Nakaa kwenye meza yangu ya kulia chakula, na watu wa bahasha wanakuja hapa hapa, ndiyo maana ya anwani ya nyumbani. Silipwi na mtu. Sikukwambia kwa sababu ninakujua, ungeacha kuniomba.

Sasa la kufanya. Usiandike chochote kabla hujamwambia Sista uso kwa uso, halafu Mwenyekiti, halafu wazazi wa wale kumi na tisa. Wasilisikie kutoka kwenye karatasi. Halafu andika rufaa wewe, kwa maneno haya haya uliyoniandikia, utie sahihi yako. Semeni mkaguzi aliandika alichokiona na alichoambiwa. Muombeni aje tena. Mkisubiri mpaka wiki ya mwisho mtachelewa.

Sijui kama watakubali. Sitakudanganya. Najua tu kwamba hiyo ndiyo barua pekee ambayo ningeweza kuipeleka kwa miguu yangu mwenyewe.

Shangazi yako anayekupenda

14 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa ofisi. Nilisoma pale pa meza ya chakula nikaona haya ya aina nyingine. Sijaacha kukuomba, unaona?

Nimesema.

Sista nilimwambia Jumatatu akiwa ananawa mikono. Hakugeuka. Akaendelea kunawa mpaka sabuni ikaisha, akasema, "Kumbe." Basi. Mwenyekiti nilimwambia Jumanne, akasikika mpaka kwenye duka la vioo. Jumatano wakaita wazazi wote, wakakaa mikekani chumba cha nyuma, nami nikasimama mlangoni kwa jiko.

Nikawaeleza yote, mpaka kanga. Halafu Bibi Redio akasema kwa sauti ndogo, na yeye hana sauti ndogo, "Mjukuu wangu ulimtoa kwa mlango wa uani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Katikati ya kifafa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kama ndoo ya maji machafu."

Nilitamani ardhi inimeze na aproni yangu. Baba mmoja akasema, "Kwani huyu si alimtoa na wake?" Bibi akamgeukia, "Wake amtoe, ni wake. Wangu aliniuliza?" Hapo Mama Pacha akasimama. Sikumwomba, wala sikumtaja. Akasema, "Na mimi nilibeba. Wangu wawili na wa Bibi. Mkimfukuza mpishi mtafute na wa kufua mikeka." Mwenyekiti akapiga mkeka kwa kiganja, "Nani kasema kufukuza? Mimi nataka kujua nani ana mwandiko unaosomeka!"

Hawajanifukuza. Ila wapo wasionijibu salamu. Bibi Redio alikataa kumgusa Chiriku siku saba, na sheria ni sheria, mimi siwezi kumnyoosha wangu. Nilikuwa namwona mwanangu pale mkekani vidole vinajikunja, na mjukuu wa Bibi nikaendelea kumnyoosha kila siku, zamu kamili. Siku ya nane Bibi akaja, akaketi, akanyoosha mikono bila kunitazama. "Lete huyo mtoto. Mama yake nimemnunia, miguu yake haina kosa."

Shangazi, nililia kwenye masufuria.

Rufaa nimeandika mimi. Sista alisoma akarekebisha tarehe tu. Majina thelathini na moja yamo, na sahihi, na madole gumba, na Mwenyekiti amesaini chini yangu kwa herufi kubwa kama anagombana na karatasi. Imo ndani ya bahasha hii. Uliandika kwamba ungeipeleka kwa miguu yako mwenyewe, basi ipeleke.

Mama Chiriku

1 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Rufaa nimeipeleka tarehe ishirini na sita, ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu, nakala yenye muhuri imo humu, itunze kama cheti cha kuzaliwa. Sikuongeza neno. Kuna sentensi moja nilitaka kuinyoosha, nikaona nitaivunja mguu.

Karani wa dirishani aliisoma amesimama. Foleni nyuma yangu wakaanza kuguna, yeye anasoma. Alipofika mwisho akauliza, "Huyu mama ni nani?" Nikamwambia ni mtoto wa kaka yangu. Akasema, "Wengi wameleta. Hakuna aliyeandika hivi." Hiyo si ahadi, usiichukue kama ahadi. Karani hana kalamu ya kuamua.

Hapa mezani sasa tumefika kumi na mmoja, viti vimeisha, watu wa maktaba wanakaa kitandani kwangu. Tumekubaliana kila kituo kimwambie mwenzake anachokijua, hatusubiri ofisi ifunguliwe. Nyumba ya wazee wameanza zamu zenu: anayemhudumia mzee asiwe mwanawe. Wanasema ugomvi umepungua nusu. Nikasema, mpango huo una mwenyewe, anapika.

Kile kijitabu nimekifuta ukurasa wa tatu. Nikipata nafasi nitauandika upya, na nitakuuliza.

Vidole vinaendeleaje?

Shangazi

23 Juni

Shangazi,

Chiriku sasa hivi amekikamata kidole cha mgeni na amekataa kukiachia. Nimeona kwa macho yangu kupitia mlango wa jiko. Mgeni anajaribu kuandika kwa mkono mmoja.

Shikamoo kwanza! Baba mzima, Baba Chiriku mzima, vile vidole viwili vilivyojikunja, kimoja na nusu vimenyooka tena, Bibi Redio anadai nusu hiyo ni kazi yake.

Barua ilikuja Ijumaa: uamuzi umesitishwa hadi ukaguzi wa pili. Na wa pili ni leo, mtu yule yule mpole, amevua viatu mlangoni vile vile. Sijui itakuwaje. Naandika hapa jikoni supu ikichemka kwa sababu mikono isipofanya kitu itavunja sahani. Jana Mwenyekiti alituambia, "Mtafagia kama siku zote. Atakayedeki mara mbili atanijua." Basi chumba cha nyuma kiko kama kilivyo. Mmoja amejichafua, Mama Pacha anambadilisha hapo hapo mbele ya mgeni. Wazazi wamekuja wote, hawakuitwa. Baba yule wa siku ya kikao ameacha kazi nusu siku.

Mgeni alipoingia aliniona, akanitambua. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Ijumaa, yote yakanikauka. Nikasema tu, "Karibu mzee, wako huku," nikamfungulia. Akatazama mkeka mmoja mmoja. Halafu akakaa chini, Shangazi, mkekani, na suti yake. Anamshika kila mtoto mkono, anauliza jina, anauliza anaweza nini leo ambacho hakuweza mwaka jana, anaandika. Kwa mjukuu wa Bibi alikaa sana. Bibi alimweleza mpaka habari za marehemu mumewe na mgeni hakumkatisha. Sista amesimama ukutani kwenye michoro ya mkaa, sijawahi kumwona ameshika mikono yake hivyo, kama yeye ndiye mgonjwa.

Mama Pacha ameingia sasa hivi anahema, anasema, "Karatasi! Fomu yake ina mistari ishirini tu, imejaa, anasema anataka aandike wote!" Hapa karatasi ni hii tu. Nimemkatia kipande cha chini, kikubwa, hiki cha juu kitanitosha.

Anaandika wote, Shangazi. Umesikia? Sijui serikali itasema nini, lakini anaandika

Subiri, Sista ananiita. Ni zamu ya Chiriku, mgeni anataka mama yake amweleze mwenyewe. Mama Pacha ananiambia nivue aproni, sivui, naingia hivi hivi, na akiniuliza kuhusu siku ile nitamwambia kwamba